Ulimi wa Mgeni

Sahani inayowekwa mbele ya mgeni katika kaya ya Bariadi haina mapambo. Kuna ugali, ambao Wasukuma huuita bugali, umesongwa ukashikana hata ukasimama wenyewe. Kuna mboga, pengine mlenda, pengine nsansa, yaani majani ya kunde yaliyoanikwa juani na kuwekwa kwa siku za kiangazi. Mgeni akiwa na bahati au na cheo, hutokea kuku wa kienyeji katika mchuzi mwepesi, na firigisi ikasogezwa upande wake bila ya maneno. Jioni wanaume hula shikome, penye moto wa uani, mikono yote katika chombo kimoja. Mgeni aliyetoka Ulaya, awe mtaalamu wa pamba, au kijana aliyejitolea kufundisha skuli, au mpita njia tu anayeelekea Serengeti, hula kidogo na hushukuru sana. Usiku, kwa mwanga wa tochi, huandika katika daftari lake maneno mawili: hakina ladha.

Maneno hayo mawili ni hukumu ya nini? Suali ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Mtu anapokionja chakula cha wenziwe na kukitolea hukumu, amekihukumu chakula, amewahukumu watu, au amejisema mwenyewe? Wako wanaojibu upesi kwamba ladha haina hoja, kila mtu na ulimi wake. Jibu hilo lina adabu, ila lina uvivu pia. Mskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, hakuridhika nalo. Alikirudia kisa kilichomo katika Don Quixote, cha watu wawili walioitwa kuonja pipa la mvinyo. Mmoja alisema ni mzuri, isipokuwa una ladha ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, isipokuwa una ladha ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomwagwa, chini yake ukaonekana ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Ulimi, basi, unaweza kusema kweli, na mgeni wa Bariadi akisema mboga imepungukiwa na chumvi, huenda imepungukiwa kweli. Lakini wale wawili walikuwa wakiujua mvinyo. Kwao ulikuwa elimu ya ukoo. Huyu wa daftari haujui ugali. Anaujua mkate, na anautafuta mkate ndani ya ugali.

Na kuna kichekesho katika daftari lile, kwani juu ya maneno yake mawili ameweka kichwa: chakula cha Kiafrika. Alichokula ni chakula cha Marekani. Mahindi yalifugwa kwanza na watu wa Meksiko, maelfu ya miaka iliyopita. Karanga zilizosagwa zikatiwa katika mboga, viazi vitamu ambavyo Wasukuma huviita numbu, muhogo, nyanya, pilipili, vyote asili yake ni ng'ambo ya Atlantiki, na havikujulikana huku kabla ya meli za Wareno. Nafaka za kale za Usukuma ni mtama, uwele na ulezi. Mahindi yaliingia na kuzisukuma pembeni kwa sababu zisizo na uhusiano na utamu: ndege aina ya kwelea hushuka juu ya shamba la mtama kama wingu, na mtoto lazima ashinde shambani akipiga kelele, ilhali hindi limejifunika kwa maganda yake na mtoto anaweza kwenda skuli. Ladha ya leo ya Bariadi imetengenezwa kwa sehemu na ndege na kengele ya darasa. Mzungu naye ametoka katika nchi ambazo mbatata na nyanya, vya Marekani vilevile, vilitazamwa kwa shaka kwa muda mrefu kabla ya kuitwa chakula cha nyumbani.

Watu wa pwani wasicheke mno. Neno lenyewe, mahindi, linaelekeza Uhindini, kwa kuwa kilichokuja kwa bahari kilidhaniwa kimetoka huko. Tena ni visiwani na mwambaoni ambako ugali umekuwa ukisemwa kwa kunyanyuliwa pua, chakula cha watu wa bara, nao wanaosema hivyo wanakula muhogo wa nazi, Mmarekani mwengine aliyefichwa ndani ya tui.

Zamani ulimi wa pwani na ulimi wa Mzungu walipita njia moja kuelekea Simiyu. Henry Morton Stanley alipoondoka mwambao wa Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 1874, wengi katika wapagazi wake walikuwa Waungwana wa Unguja. Januari 1875, katika nyika baina ya Ugogo na Usukuma, chakula kiliwaishia na watu wakaanza kufa. Stanley anasimulia kwamba alilitoa sanduku lake la chuma la nguo, akalijaza maji, akatia paundi kumi za unga wa oti wa Kiskoti na makopo manne ya unga mwengine wa lishe uliouzwa Uingereza kwa wagonjwa, akawapikia uji mwepesi watu zaidi ya mia mbili. Baada ya hapo wakaingia Usukuma, nchi anayoieleza kwa furaha kuwa ina ng'ombe na nafaka, na Februari 27 wakaufikia ukingo wa Ziwa. Mto Simiyu alidhani ndio mwanzo wa mbali kabisa wa Nile.

Ladha ya uji ule Stanley amesema iliwafurahisha. Waungwana wenyewe wameuonaje uji wa Kiskoti usio sukari wala tui? Hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo suali linapogeuka sura. Kila mtu ana ulimi, lakini si kila ulimi una kalamu. Anayeandika ndiye anayebaki kuwa mwonjaji, na yule aliyeandikwa hubaki kuwa kinywa kilichofunguliwa. Mara chache kalamu ilihamia mkono mwengine. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, alilieleza jamvi la baba yake, Seyyid Said, nani alikaa wapi na nani hakuruhusiwa kukaa, kwa wasomaji wa Kijerumani ambao meza yao aliijua vyema na hakuiogopa. Na Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia, safari yake ilichapishwa kwa Kiswahili katika mkusanyiko wa Velten mwaka 1901. Hao wawili hawatoshi kuisawazisha mizani. Wanatosha kuonesha kwamba mizani ipo.

Tuje kwenye mlo ambao watu wazima wa Bariadi, Maswa na Meatu wanaukumbuka bila ya kuombwa. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, na tena shida ya mwanzo wa miaka ya 1980, uliilazimisha nchi kuagiza na kupokea nafaka kutoka nje. Kutoka Marekani yalifika mahindi ya njano. Watu walizoea unga mweupe. Huu ukapewa jina la Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya Dar es Salaam, na jina likaenea nchi nzima. Ulipangiwa foleni, ukagawiwa kwa kipimo, ukaliwa. Na ulilalamikiwa. Ilisemwa unanuka, ilisemwa hausongeki, ilisemwa kwao wenyewe huko hupewa ng'ombe. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kwa sehemu kubwa: mahindi ya njano Marekani ni chakula cha mifugo kabla ya kuwa cha watu.

Wapo waliowaona walalamikaji hao kuwa ni watovu wa shukurani. Mwenye njaa hachagui, walisema. Neno hilo lapaswa kupimwa, maana lina ukatili uliojificha ndani ya busara. Njaa humwondolea mtu uwezo wa kukataa. Haimwondolei uwezo wa kujua. Aliyekula ugali wa Yanga akasema si mtamu alikuwa amemeza chakula bila ya kuumeza uongo. Kama angekula na kusifu kwa kuwa amepewa, angekuwa ametoa kitu kimoja ambacho hakikuombwa katika ule msaada, nacho ni ulimi wake. Mtu aliyeshiba akisema hakina ladha anaweza kuwa mwenye kiburi. Mwenye njaa akisema maneno yaleyale, anajizuia asigeuke tumbo tupu. Kwa hiyo hukumu moja, kwa maneno mamoja, ni kosa kwa huyu na ni heshima kwa yule, na tofauti haimo ndani ya chakula.

(Siku hizi wataalamu wa lishe wanapita Kanda ya Ziwa wakiwahimiza wakulima wapande viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kwa kuwa rangi ile ina faida kwa macho na kinga ya mwili. Mahindi ya njano yalikuwa na sehemu ya faida hiyohiyo. Ulimi uliyakataa kwa haki, na mwili ukakosa. Hata haki ina gharama.)

Kuna sahani nyengine iliyosafiri mbali kuliko zote. Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, inagusa Ziwa, na samaki mkubwa wa Ziwa hilo ni sangara, aliyepandikizwa humo tangu miaka ya 1950. Viwanda vya Mwanza humvua minofu na kuisafirisha Ulaya. Kinachobaki, kichwa na mifupa, huitwa panki. Mapanki hukaushwa na kukaangwa na kuuzwa kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu yake kuhusu biashara hiyo, Darwin's Nightmare, na mapanki yakaonwa ulimwenguni: marundo, moshi, mafunza. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope.

Msanii na Rais wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli, na wote wawili walikwepa jambo moja. Ni kweli kwamba nyama ilikwenda kwa wenye fedha na mifupa ikabaki kwa wenye Ziwa. Dhulma ya namna hiyo ina haki ya kuoneshwa. Ni kweli pia kwamba nchi haipendi kutazamwa kupitia jalala lake. Lakini filamu ilimfanya mtazamaji wa Ulaya akione kichwa cha samaki kuwa chenyewe ndicho aibu. Msomaji wa kisiwani hahitaji kuelezwa zaidi. Kichwa cha changu katika mchuzi wa nazi huwekewa mwenye nyumba. Shavu lake na jicho lake hugombewa na wajukuu. Kichwa si balaa. Balaa ni kuachiwa kichwa kwa sababu mwili umeuzwa. Na upande wa serikali, kelele zilikwenda kwenye heshima ya taifa, zikapita pembeni ya bei ya minofu. Mama aliyekaanga mapanki alionewa huruma upande mmoja na kuonewa haya upande mwengine. Vyote viwili si kula pamoja naye.

Yasidhaniwe maneno haya kuwa ni kumtaka mgeni asifu tu. Sifa nazo zina sumu yao. Mashariki ya Meatu, kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao hawafiki hata elfu mbili, wanaoishi kwa mizizi, asali, ubuyu, matunda ya porini na windo. Wanasayansi wa Ulaya na Marekani wamewaendea kwa wingi. Mwaka 2017 Tim Spector, profesa wa London, alikula pamoja nao katika bonde la Eyasi kwa siku tatu, nungu akiwemo, kisha akapima vijidudu vya tumboni mwake na kuandika kwamba aina zake zimeongezeka. Aliporudi kwao zikapungua tena. Hakuna tusi katika kazi hiyo, na elimu yake ina manufaa. Lakini itazamwe kwa makini: mgeni ametia mkono katika chombo cha wenyeji, na alichokitazama ni tumbo lake. Chakula kimesifiwa kama dawa, na pori linalokizaa, ambalo hupungua kila mwaka kwa mashamba na malisho ya wengine, limetajwa kwa sauti ndogo zaidi. Mwenye daftari la Bariadi, aliyeandika hakina ladha, walau alikuwa amekila kile chakula kama chakula.

Tazama sasa mgeni wa karibu zaidi. Mwalimu kutoka pwani hupangiwa kazi Bariadi, mji uliokuwa makao makuu ya wilaya na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa. Wiki ya kwanza huuliza nazi zinauzwa wapi. Jirani yake, mama wa Kisukuma, husikia kwamba mwalimu hali ugali. Hutuma mtoto kwa ndugu mwenye majaruba bondeni, ukaletwa mchele, ukapikwa wali mweupe kwa maji na chumvi, bila ya tui wala iliki, na maziwa ya mgando pembeni yake. Mwalimu anautazama wali usio nazi. Kwao wali kama huo ni wa mgonjwa. Mama ameinama kidogo, mikono ameikunja, anasubiri. Hamuulizi kama ni mtamu. Swali hilo si la kwake. Anamuuliza, "Mbona huli, mwalimu?"