Filamu ya Kuchekwa na Wenzi wa Nyumba Moja

Vijana wetu wengi siku hizi wakaa nje ya miji yao kwa masomo na kazi, watatu au wanne katika nyumba moja, Nairobi na kwengineko, na kila wiki hujiwekea usiku mmoja wa kutazama filamu pamoja. Jambo hili kwa asili yake si baya. Watu waliokutanishwa na kodi ya nyumba tu, wala si na udugu, wahitaji kitu cha kuwakalisha pamoja, na hilo ni bora kuliko kila mmoja kujifungia na simu yake. Lakini katika mazungumzo ya darsa yetu limezuka swali ambalo twaona lafaa kupewa haki yake: yule ambaye zamu ya kuchagua imemfikia, ana wajibu gani kwa wenziwe? Na khasa akiwa ni mpenzi wa zile filamu zenye wafuasi, je, yafaa kuwakalisha wenziwe mbele ya filamu ambayo utamu wake wote ni kumcheka aliyeitengeneza?

Tusemapo filamu yenye wafuasi, hatukusudii kila filamu iliyopendwa. Twakusudia ile ambayo aghlabu ilianguka ilipotoka, kisha ikaokotwa na kikundi cha watu walioirudia mara kumi, mara ishirini, hata wakayahifadhi maneno yake na kuyatamka kabla mchezaji hajafungua kinywa. Katika mji wa New York, mwishoni mwa mwaka 1970, jumba la Elgin lilianza kuonyesha saa sita za usiku El Topo ya Alejandro Jodorowsky, na watu wakawa wakija usiku baada ya usiku. Mwaka 1976, katika jumba la Waverly mjini humo humo, ikaanza The Rocky Horror Picture Show, ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeshindwa sokoni. Watazamaji wakazoea kuijibu kwa sauti na kurusha mchele penye harusi. Wala sisi wa mwambao tusijione tu mbali na haya. Sholay ilipotoka huko Bara Hindi Agosti 1975, wiki zake za mwanzo zilikuwa baridi. Kisha ikakaa katika jumba la Minerva mjini Bombay zaidi ya miaka mitano, na maneno ya Gabbar Singh yakauzwa katika sahani za santuri. Hiyo hatimaye ilikuwa ya watu wote, si ya kikundi. Lakini wako kwetu wasiojua Kihindi cha kuombea maji, na maneno hayo wayajua.

Basi tazama hali ya nyumba yenye watu wanne. Mmoja aijua filamu, watatu hawaijui. Yule mjuzi hucheka kabla ya kichekesho. Huwatazama wenziwe nyuso badala ya kutazama picha, apate kuona kama wamecheka palipostahili. Wasipocheka huudhika, akawaambia wangoje, bado kidogo. Hapo ameacha kuwa mwenyeji wao, amekuwa msimamizi wa mtihani. Na wale watatu, kwa kumstahi, hujitia kucheka. Wajibu wa mwenye zamu, kwa maoni yetu, ni kwa yule asiyejua kuliko kwa filamu anayoipenda. Amweleze mapema ni filamu ya namna gani, yachukua muda gani, na kama ina uchi au damu au matusi, kwani katika nyumba ya kodi hukaa mwenye haya na asiyejali, na si uungwana kumfumania mwenzio kwa jambo ambalo angalijua angaliinuka. Hilo ni jepesi na halina haja ya maneno mengi.

Lenye uzito ni la kicheko. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja, Ed Wood, alipiga filamu iitwayo Plan 9 from Outer Space kwa fedha haba. Mchezaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, alikuwa amekwisha kufa. Wood akatumia vipande vichache alivyompiga kabla ya mauti, na pasipotosha akamweka mtu mwengine asiyefanana naye, aliyejiziba uso kwa joho. Vyombo vya angani vyaonekana dhahiri vyaning'inia, na mawe ya makaburi yatikisika. Wood alikufa Disemba 1978, mtu wa miaka 54, siku chache tu baada ya kutolewa katika nyumba aliyopanga kwa kukosa kodi. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, wakatoa kitabu cha kuzikejeli filamu mbovu. Humo Plan 9 ikatajwa kuwa filamu mbaya kuliko zote, na Wood mtengenezaji mbaya kuliko wote. Tangu hapo akawa mashuhuri. Yaani umaarufu alioutafuta umri wake wote ulimjia kwa njia ya kicheko, naye yu kaburini hasikii.

Atasema mtu: aliyetoa kazi yake hadharani ameitoa ihukumiwe. Ni kweli, nasi hatumkatazi mtu kusema kibaya ni kibaya. Lakini mwenye kuhukumu hutaka kingekuwa kizuri, ilhali mwenye dhihaka hufurahi kwamba ni kibaya na angesikitika lau kingetengenezwa. Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana kwa kejeli, na haikumtoa katika katazo hilo yule ambaye kazi yake imeharibika. Tena kicheko cha dhihaka hakikai juu ya ukuta peke yake. Nyumba iliyozoea kila Ijumaa kumcheka mtu aliyejitahidi akashindwa, Jumamosi humcheka mwenzao anayesema Kiingereza cha kusitasita, au yule ambaye wali wake umeshika chini. Si wote hulalamika. Mwengine hunyamaza tu, na siku za filamu akaanza kuwa na kazi nje.

Hata hivyo si kila kicheko ni cha namna hiyo. Tommy Wiseau alitoa The Room huko Los Angeles mwaka 2003, akiwa ni mwandishi, mwongozaji na mchezaji mkuu. Yasemekana aliigharimia dola milioni 6, na maonyesho ya mwanzo yakaleta kama dola 1,800. Baadaye watu wakaanza kuijia usiku wa manane na kurusha vijiko vya plastiki kila picha ya kijiko iliyo katika seti ionekanapo. Wiseau mwenyewe huhudhuria, hujibu maswali yao, na sasa husema kwamba alikusudia kuchekesha. Tuyaamini tusiyaamini maneno yake, yumo ndani ya karamu, na tikiti zinamfaa. Kinyume chake ni Claudio Fragasso, Mtaliana aliyeongoza Troll 2 ya mwaka 1990. Michael Stephenson, aliyeicheza akiwa mtoto, alikuja kutoa mwaka 2009 filamu ya khabari zake, Best Worst Movie, na humo Fragasso aonekana akiudhika kwa kuwa watu wacheka mahali ambapo yeye hakuweka kichekesho. Wachezaji wake wamekwisha kuridhika na kucheka pamoja na watu, yeye la.

Kwa hiyo mwenye zamu na ajiulize: lau aliyeitengeneza filamu hii angekuwa amekaa nasi hapa mkekani, ningeweza kuicheka vivi hivi? Kwa The Room jawabu ni ndiyo. Kwa Plan 9 twasita, ila ipo njia. Mwaka 1994 Tim Burton alitoa filamu iitwayo Ed Wood, ambayo yamwonyesha mtu huyo kwa mapenzi, na urafiki wake na Lugosi mzee. Martin Landau, aliyemcheza Lugosi, alipata tuzo ya Oscar kwayo. Aanze na hiyo wiki ya kwanza, na Plan 9 wiki ya pili. Watacheka, hapana budi, lakini watakuwa wakimcheka mtu wanayemjua, na yule mgeni wa nyumba atakuwa ajua sawasawa na mwenyeji. Ama akichagua Sholay, iwe usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, na ianze mapema baada ya Isha, kwani yapita saa tatu.