Akipata wa Kumwongoza

 

Ndugu zetu Waislamu, liko jambo ambalo kila Ijumaa twalitazama wala hatulioni. Wakati wa adhuhuri watu huharakia msikitini na kanzu zao safi, wamejitia manukato, na penye ngazi za msikiti wameketi vipofu na bakuli mbele yao. Kila apitaye huangusha shilingi zake akaingia ndani hali amejiridhia nafsi yake. Khatibu hupanda mimbari, hutuba ikasomwa, watu wakasali rakaa zao mbili, wakatoka. Na yule kipofu yu pale pale walipomwacha. Adhana ameisikia, na hutuba ameisikia neno kwa neno kwa kipaza sauti, lakini safuni hakuingia. Katika mamia ya watu waliompita hapana hata mmoja aliyemwuliza, "Mzee wangu, una udhu? Nikushike mkono tuingie?"

Atasema mtu: hao wamekuja kuomba, hawakuja kusali. Nasi twamwuliza: nani aliyewafundisha ya kuwa mahali pao msikitini ni ngazini? Mtoto aliyezaliwa haoni katika mtaa wetu, asipelekwe chuoni, asifundishwe kazi, asiitwe katika shughuli yoyote illa kupewa sadaka, atakua akijua nini kingine?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameieleza mas-ala hii waziwazi. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ametaja ya kwamba kipofu humlazimu Ijumaa pindi akipata mtu wa kumwongoza. Yatieni akilini maneno hayo, kwani ni machache na mazito. Faradhi ya mtu huyu imefungamana na mkono wa mtu mwengine. Asipompata wa kumwongoza amesameheka, wala hana lawama mbele ya Mola wake. Lakini udhuru huo ni wake yeye peke yake. Mtaa uliojaa vijana wenye nguvu, wapitao mlangoni kwake mara tano kwa siku wakienda msikiti ule ule, hauwezi kuuazima udhuru wa kipofu ukajifunika nao.

Yuko mzee mmoja katika jirani zetu aliyetupa khabari zake. Alisema adhana za misikiti mitatu humfikia kitandani, na kila mwadhini amjua kwa sauti yake, hata akishikwa na mafua hujua. Walakini tangu mjukuu wake aliyekuwa akimpeleka apate kazi mji mwengine, hakupata kuisali Ijumaa. Tukamwuliza, mbona hukumwambia mtu? Akajibu, "Nimwambie nani? Wote mwanijua." Wallahi tuliinamisha vichwa.

Tukitaka kujua Uislamu umemweka wapi kipofu, tusitazame desturi zetu, tuzitazame khabari za Abdullahi bin Ummi Maktum, jamaa yake Bibi Khadija. Kisa chake katika mwanzo wa Sura Abasa wakijua hata watoto wa chuoni: Mtume (s.a.w.) alikuwa akisema na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji kusilimu kwao, akaja Abdullahi akitaka kufundishwa, naye akaonyesha kuchukizwa kwa kukatizwa maneno yake, zikateremka aya za kumtanabahisha. Wengi wetu husoma mpaka hapo wakafunga msahafu. Lililo kubwa ni yale yaliyofuata. Mtume hakumpa Abdullahi sadaka akamkalisha mlangoni. Alimpa kazi.

Abdullahi alikuwa katika watu wa mwanzo waliofika Madina, yeye na Mus'ab bin Umair, wakiwasomesha watu Kurani kabla Mtume mwenyewe hajahajiri. Kipofu huyu alikuwa mwalimu wa mji! Kisha Mtume aliposafiri alimwachia Madina zaidi ya mara moja, akiwasalisha watu. Na kwa hiyo Minhaj yasema kipofu na mwenye kuona ni sawa katika uimamu. Na iliposhuka aya ya kuwafadhilisha wapiganao jihadi juu ya wakaao majumbani, Abdullahi alishitaki hali yake, na papo hapo, Zaid bin Thabit angali na kalamu mkononi, ukashuka wahyi wa kuwatoa katika hukumu hiyo wenye udhuru. Aya ya Kurani ikaongezwa maneno kwa sababu ya mashitaka ya kipofu mmoja. Na sisi mashitaka yao hatuyasikii hata yakisemwa karibu ya masikio yetu.

Tena alikuwa mwadhini. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa ya kuwa Bilali aliadhini usiku ungaliko, na watu waliamrishwa wale daku na wanywe mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Haya, ndugu yangu, tafakari. Mji mzima wafunga saumu kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri! Na hakuwa akiadhini mpaka aambiwe na watu: kumekucha, kumekucha. Basi walio na macho walimpa kile alichokikosa, naye akawapa sauti yake na uaminifu wake, na ibada ya wote ikatimia. Katika jambo hili hapana aliyemhurumia mwenziwe. Walisaidiana.

Na Itban bin Malik, aliyekuwa akiwasalisha jamaa zake, macho yake yalipodhoofika na bonde likajaa maji ya mvua baina yake na msikiti, alimwomba Mtume aje asali nyumbani kwake, apate kupafanya mahali pa kusalia. Mtume akaenda kwa miguu yake pamoja na Abubakar, akamwuliza ni wapi apendapo nisali, akasali hapo rakaa mbili, na wenyeji wakamzuia ale chakula. (Iko hadithi nyengine, katika Muslim, ya kipofu aliyeomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kukosa wa kumwongoza, akapewa, kisha akaulizwa kama aisikia adhana, aliposema naam, akaambiwa aiitikie. Wanavyuoni wamezikusanya hadithi mbili hizi kwa njia zao, wala si hapa pa kuzieleza.) Jee, sisi tumezuru nyumba ngapi za wasioweza kutujia?

Chakula nacho kina khabari yake. Katika Sura Nuur Mwenyezi Mungu ameondoa uzito kwa kipofu, na kiwete, na mgonjwa, katika kula majumbani. Wafasiri wametaja ya kwamba walikuwako watu wakijizuia kula na kipofu, wakichelea kumdhulumu kwa kuwa hakioni kilicho kizuri katika sahani. Hao walijizuia kwa ucha Mungu, na juu ya hayo wakaambiwa hapana ubaya, kuleni pamoja. Na sisi ambao fahari yetu ni kula sinia moja, akija mgeni ami yetu kipofu hupelekewa sahani yake chumba cha uani, ati asije akamwaga mchuzi! Hiyo si huruma. Ni haya ya kidunia, na kipofu aijua sana, kwani husikia vicheko vya barazani na vyombo vikigongana.

Sasa natuseme juu ya ujinga ambao umewapofusha watu ambao Mwenyezi Mungu hakuwapofusha. Bibi mzee aonapo ukungu machoni, jamaa husema ni jicho la hasidi, au ni jini, au ndiyo kudura hiyo. Akapelekwa kwa mganga, akavishwa hirizi, akanywa kombe siku saba, na fedha zikenda. Huku maradhi yenyewe yajulikana: ni mtoto wa jicho, utando mweupe wa kioo kilichomo ndani ya jicho, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya upofu ulimwenguni. Daktari hukitoa kioo kilichochafuka akatia kingine cha kutengenezwa, kazi isiyofika saa moja, na mgonjwa kwa kawaida hurudi kwake siku hiyo hiyo. Mtume ametuamrisha kujitibu, na kumwomba Mungu hakuzuii kwenda kwa tabibu.

Presha ya macho ni mbaya zaidi, kwani huja kimya bila maumivu, na nuru iliyokwisha kuondoka kwa maradhi hayo hairudi. Tiba huilinda iliyobakia tu. Kila siku inayopotea kwa mganga ni nuru inayopotea. Na wenye sukari (nao katika miji yetu ni wengi, na halwa na mahamri na chai yetu twaijua) yapasa wapimwe macho kila mwaka hata kama waona vizuri. Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika mwaka 2019 ya kwamba watu si chini ya bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na si chini ya bilioni 1 katika hao upungufu wao ungaliweza kuzuiliwa au bado haujatibiwa. Basi kumpandisha jirani matwatu na kumfikisha kwa daktari wa macho ni sadaka iliyo bora kuliko shilingi ya ngazini.

Amma yule ambaye nuru yake haina marejeo, Mwenyezi Mungu amemwahidi Pepo, kama ilivyopokewa na Bukhari, akisubiri kwa kuondolewa vipenzi vyake viwili. Subira ni juu yake. Haki zake ni juu yetu, na ya kwanza ni elimu.

Imamu Shatibi, ambaye shairi lake juu ya visomo saba lahifadhiwa mpaka leo na wanafunzi wa Kurani, alikuwa kipofu. Alifariki Misri mwaka 590 wa Hijra. Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999 naye ni Mufti wa Saudia, alipofuka angali kijana. Hao hawakusubiri ngazini. Na leo njia ni nyepesi zaidi: yako maandishi ya nukta sita aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille, naye mwenyewe alipofuka utotoni kwa chombo cha kazi cha babake, na kwa maandishi hayo Kurani nzima imepigwa chapa ikasomwa kwa vidole. Ajabu yake ni kuwa Kiarabu cha nukta husomwa toka kushoto kwenda kulia. Lakini nendeni katika vyuo vyetu mkaulize ni mwalimu gani azijuaye nukta hizo.

Wenzetu hawakungoja. Skuli ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na hapa petu Likoni iko nyengine ya jamaa hao hao. Machakos kiko chuo cha kuwafundisha vipofu kazi za mikono na ufundi. Hatusemi haya kwa kuwalaumu, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Twajilaumu nafsi zetu. Mtoto wa Kiislamu husoma huko, akajua kusoma na kuhesabu, akaja nyumbani likizo na hamu ya kusoma dini yake. Akipelekwa chuoni mwalimu husema hana la kumfundisha kwa kuwa hauoni ubao. Subhanallah! Babu zetu wote walihifadhi kwa masikio kabla ya kujua ubao.

Hatuwezi kunyamaza juu ya wanawake. Kipofu mwanamume angalau hutoka barazani. Mwanamke asiyeona hufungiwa, darsa hapelekwi, posa yake hurudishwa, na babake akifa ndugu zake humletea karatasi akatia dole gumba bila kusomewa. Kesho huambiwa sehemu yake ya nyumba ameiuza. Katika Sura Bakara Mwenyezi Mungu ameamrisha kuandikiana na kushuhudisha, na asiyeweza kuandikisha mwenyewe basi walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Nduguye anayefaidika kwa karatasi hiyo hafai kuwa ndiye msomaji wake. Apelekwe kwa Kadhi, asomewe mbele ya mashahidi, aseme mwenyewe kwa ulimi wake.

Katika darasa letu tumekubaliana mambo haya, na twawaomba wasomaji wayaanze kila mtu mtaani pake. Vijana wawili wawili watakuwa na zamu ya kumchukua kila asiyeona, Ijumaa na sala ya Isha. Nao wamefundishwa adabu yake: mwamkie kwa jina lako, usimwambie "nadhani hunijui", usimkokote, bali mpe kiwiko chako akishike nawe utangulie nusu hatua, mwambie ngazi zaanza na ngazi zaisha, usimpigie kelele, kwani macho ndiyo mabovu, si masikio, akiketi kula mwambie samaki yuko upande gani na kama ana miiba. Njia zetu za Mji wa Kale ni nyembamba na pikipiki hazina huruma, kwa hiyo kijana na akae upande wa barabara.

Wasimamizi wa misikiti twawaomba wamwekee mahali pamoja pa viatu pasipobadilishwa, na kitambaa cha kufutia ncha ya fimbo yake nyeupe. Tumesikia mtu amezuiliwa mlangoni ati fimbo ina najisi ya njiani. Fimbo hufutwa, na panapohakikika najisi huoshwa, kama mguu wa mwenye kuona uoshwavyo.

Jumamosi baada ya Alasiri pana barza, hukaa wasioona na waonao pamoja. Husomwa tafsiri, kisha khabari za magazeti, kisha kila mtu husema lake. Baadhi yao hucheza bao, wakizihesabu kete kwa vidole upesi kuliko sisi kwa macho, wala hatukuona ubaya wake maadamu hapana kamari na sala haipiti.

Yule mzee tuliyemtaja alikuja Ijumaa iliyopita. Zamu yake ya wiki hii haijapata mtu wa pili. Daftari liko kwa katibu wa darasa, kila siku baina ya Magharibi na Isha.