Sindano Haikomazi Mayai

Mfugaji tunayemsimulia hapa tumemtunga. Kosa lake hatukulitunga. Alikuwa na kidimbwi Asumbi, kwenye barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay, na ndani yake kambare walionona. Wavuvi wa ziwani hutafuta vifaranga vya mumi, kama Waluo wanavyomwita kambare, wawe chambo cha mbuta. Akapiga hesabu: jike mmoja hutoa mayai kwa maelfu, kwa hiyo mtaji anao tayari.

Tatizo ni kwamba kambare hatagi ovyo kidimbwini. Kule mtoni, masika yakifurika, hupanda na maji hadi kwenye nyasi zilizozama na kutaga usiku. Kidimbwini mayai hukomaa, kisha hubaki tumboni yakingoja mafuriko yasiyokuja. Homoni hushika nafasi ya mafuriko hayo. Ujuzi wenyewe si mgeni: Brazil waliutumia tangu miaka ya 1930, kwa tezi ya pituitari iliyotolewa kichwani mwa samaki mwingine. Siku hizi kuna homoni ya kiwandani, na ndiyo aliyonunua bwana wetu.

Mzee wa jirani, aliyewahi kufanya kazi ya kutotolesha vifaranga, akamuuliza, "Omera, umembonyeza tumbo kwanza?"

"Jaduong', dawa hii ni kali. Itamkomaza yenyewe."

Hapo alikuwa amekwisha kupotea. Jike aliye tayari, ukimbonyeza tumbo polepole, hutoa mayai machache yanayolingana, kila moja kipenyo chake kama milimita moja. Wa kwake hakutoa hata moja. Akamdunga hivyo hivyo, saa mbili usiku, kwenye nyama ya mgongo, tena kwa dozi maradufu. Homoni hulegeza mayai yaliyokwisha kukomaa. Mabichi haiyapiki, hata ukimwaga chupa nzima.

Kosa la pili lilikuwa la saa. Karatasi ya dawa ilisema akamue mayai baada ya saa 11, maji yakiwa nyuzi 25. Yeye akashika 11, akairuka 25. Kambare hufuata joto la maji: kwenye nyuzi 20 hungojewa karibu saa 21, kwenye nyuzi 30 kama saa 7 tu. Maji yake usiku ule yalikuwa nyuzi 21, kwa hiyo hata jike aliyekomaa angehitaji kama saa 18, yaani mpaka saa nane mchana. Kuchelewa nako si usalama, maana mayai yakizidisha muda huharibika.

Saa moja asubuhi akakamua. Hakuna kitu. Akakaza mkono, ikatoka damu. Na dume alikuwa ameshamchinja, kwa kuwa manii ya kambare hayakamuliki. Dume hupasuliwa, korodani zikatolewa na kukatwakatwa. Kufika jioni jike naye alikuwa amekufa, na pesa ya dawa imekwenda.

Kipimajoto ni rahisi kuliko chupa ya homoni, na vidole vya kubonyeza tumbo ni vya bure. Wewe uliye Asumbi, Kisii si mbali: taasisi ya utafiti ya KMFRI ina kituo cha ufugaji samaki kule Kegati. Nenda ukaulize kabla hujanunua dawa.