Sauti ya Mwanafunzi ni Mali ya Nani?

Wapo wasemao kwamba mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ni burudani ya jioni tu, na kwamba atafutaye mawazo mazito na asome vitabu. Nami nilikuwa miongoni mwao hadi mwaka 2022, nilipotoka Lubumbashi kwenda London kumtembelea binti yangu, naye akanipeleka katika ukumbi wa Coliseum kutazama My Fair Lady. Sinema yake ya mwaka 1964 nilikwisha kuiona mara nyingi. Mchezo wa namna hiyo jukwaani sikuwa nimepata kuuona maishani mwangu.

Kisa chenyewe aghalabu walimu wa lugha wanakifahamu. Profesa Higgins, bingwa wa matamshi, anakutana na Eliza, msichana auzaye maua huko Covent Garden, mwendo wa dakika chache tu kutoka pale nilipoketi. Anawekeana dau na rafiki yake, Kanali Pickering, kwamba katika miezi sita atamfundisha kusema hata mabwana na mabibi wakubwa wamdhanie kuwa mwenzao. Bernard Shaw ndiye aliyekitunga katika tamthilia ya Pygmalion, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1913. Lerner na Loewe wakakitilia nyimbo, mchezo ukafunguliwa New York mwaka 1956.

Katika sinema, nyimbo nyingi za Eliza hazikuimbwa na Audrey Hepburn anayeonekana, bali na Marni Nixon, ambaye hata jina lake halikuandikwa. Yaani, hadithi ya msichana aliyevikwa sauti ngeni ilitengenezwa kwa kumvua mchezaji wake sauti yake! Jukwaani hapana njia ya kufanya hivyo. Yule dada aliyekuwa Eliza alianza kwa kupayuka kama wafanyavyo watu wa sokoni, na kwa muda wa saa tatu hivi koo lile lile likageuka mbele ya macho yetu. Nilimwona akivuta pumzi. Nilifahamu kwamba kubadili matamshi ni kazi ya mwili, nayo inachosha.

Lakini lililonikaba ni usiku ule wa kurudi kutoka kwenye dansi. Dau limeshinda. Wanaume wawili wanaimba na kupongezana, watumishi wanawaitikia, na Eliza amesimama kando, kimya, hapana anayemwambia neno. Katika sinema kamera ndiyo iliyonichagulia pa kutazama, nami nilicheka pamoja na washindi. Ukumbini macho yalikuwa yangu mwenyewe, na hayakuweza kumwacha yule binti. Baadaye anauliza atakuwa nini sasa, maana kurudi kuuza maua hawezi tena, na Higgins haelewi kabisa swali linatoka wapi.

Ndugu walimu, mimi nalielewa, maana nimepata kuulizwa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja hodari, mtoto wa Kamalondo. Alipokuja kwangu alisema «batoto», kama tusemavyo sote nyumbani. Nikamnyoosha mpaka akasema «watoto» bila kujikwaa, na katika mashindano ya kusoma kwa sauti akawa wa kwanza. Sisi walimu tukapongezana. Juma lililofuata akanijia: «Mwalimu, nimemwambia nkambo shikamoo, akaniuliza mimi ni mgeni wa wapi.» Nikacheka, nikampa kitabu kingine.

Yamkini mtu atauliza: je, tuache kufundisha Kiswahili sanifu? La. Lugha hii, iliyojengwa juu ya Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, humfungulia mtoto wa Katanga milango mingi, na kumnyima kwa kisingizio cha kumhurumia ni dhuluma nyingine. Hata Eliza hakuburutwa. Alikwenda mwenyewe mlangoni kwa profesa, pesa mkononi, akaomba kufundishwa ili apate kazi katika duka la maua. Hapo ndipo naliona kosa. Yeye aliomba duka. Higgins akampa dansi, kwa kuwa dansi ndiyo iliyokuwa dau lake. Nami yule mtoto sikumwuliza alitaka Kiswahili kwa shughuli gani. Mashindano yalikuwa yangu.

Shaw alikataa kata kata kumwoza Eliza kwa mwalimu wake. Mwaka 1914, mchezaji aliyekuwa Higgins jijini London alimrushia Eliza maua mwishoni, ili watazamaji wafurahi, na Shaw alikasirika sana. Baadaye akaandika maelezo marefu kueleza kwamba binti huyo aliolewa na kijana mwingine. Sinema ilimrudisha kwa Higgins, naye Higgins akaulizia ndara zake. Usiku ule wa Coliseum Eliza alirudi pia, akamtazama, akamgusa uso, kisha akamwacha amesimama pale, akaenda zake.

Watu waliinuka wakapiga makofi. Mimi nilichelewa kuinuka, hata binti yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa namwaza yule wa Kamalondo. Siku hizi ni mama mwenye watoto wake, na tukikutana njiani hunisalimu kwa Kiswahili safi kabisa. Sijapata kumwuliza nyumbani anasema nao vipi.