Mikono Iliyopanda Mitende

Salman al-Farisy alizaliwa katika kijiji cha nchi ya Isfahan, Uajemi. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, na kazi aliyompa mwanawe ilikuwa kuuchunga moto wa ibada usizimike. Siku moja akamtuma shambani. Njiani kijana akasikia sauti za Wakristo wakisali kanisani, akaingia kutazama, akakaa nao mpaka jua likachwa, na shamba hakulifikia. Baba alipopata habari alimtia minyororo miguuni; Salman akatoroka, akafuatana na msafara wa kwenda Sham. Kuanzia hapo akawa mtu wa njiani. Kila mcha Mungu aliyemtumikia, alipokaribia kufa, alimwelekeza kwa mwingine: kutoka Sham hadi Mosul, kutoka Mosul hadi Nasibin, kutoka Nasibin hadi Amuriya. Wa mwisho akamwambia kwamba umewadia wakati wa Mtume atakayehamia nchi ya mitende, asiyekula sadaka lakini anapokea zawadi, na baina ya mabega yake mna muhuri wa utume. Salman akawapa wafanyabiashara wa Kiarabu mifugo yake yote wamfikishe huko. Wakamdhulumu, wakamuuza. Madina aliingia akiwa mtumwa.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia pale Salman alipokutana na Mtume, akauona muhuri, akalia. Lakini sehemu inayofuata ndiyo inayostahili kutafakariwa zaidi. Bwana wake alikubali kumwacha huru kwa miche ya mitende 300 na wakia 40 za dhahabu, mali ambayo mtumwa hakuwa na pa kuitoa. Mtume (S.A.W.) akawaambia Swahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, yule 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa alichojaliwa. Mashimo yakachimbwa, na Mtume mwenyewe akaipanda miche kwa mkono wake. Dhahabu nayo ikapatikana. Mtu ambaye utumwa ulikuwa umemkosesha vita vya Badri na Uhud akatoka huru kwenda vita vya Khandaq, na shauri la kuchimba lile handaki ni yeye aliyelitoa.

Uongofu uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Hakuna Muislamu anayelibishia hilo. Hata hivyo, ukizifuatilia habari za watu waliovutwa na imani, utakuta karibu kila mara kuna mkono wa mtu mwingine humo ndani. Kuna aliyegawa chakula, aliyefundisha bila kuuliza ukoo, aliyebeba jeneza la asiyemjua. Swali la kinachowavuta watu kwenye dini, basi, linamrudia kila anayeswali: huyo anayetafuta, akifika mlangoni, atamkuta nani?

Mwaka 1922 kijana mwandishi wa magazeti, Leopold Weiss, Myahudi aliyezaliwa Lemberg mwaka 1900, alikuwa ndani ya treni inayokatiza jangwa la Sinai kuelekea Jerusalem. Mbele yake alikaa bedui asiyejuana naye. Treni iliposimama kituoni yule bedui akanunua chakula, akakikata vipande viwili, akampa mgeni kimoja. Hakuna neno la dini lililosemwa pale. Miaka minne baadaye Weiss alikuwa Berlin, ndani ya treni ya chini ya ardhi pamoja na mkewe Elsa, akiwatazama abiria wenzake: wamevaa vizuri, wameshiba, na nyuso zao zimejaa maumivu wasiyoyajua wenyewe. Aliporudi nyumbani macho yake yaliangukia Surat At-Takathur, inayowakumbusha watu jinsi mashindano ya kujilimbikizia yanavyowashughulisha mpaka wanaingia makaburini. Akaona ni habari ya treni ile. Mwaka huohuo wa 1926 akatamka shahada, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Muhammad Asad, aliyekuja kuifasiri Qur'ani kwa Kiingereza.

Wanaopenda kuhesabu hoja watasema ilikuwa aya. Aya ilikuwa, bila shaka. Lakini Asad mwenyewe, alipoandika maisha yake, hakumwacha nje yule bedui wa Sinai. Chakula kilitangulia, aya ikafuata.

Wapo wanaovutwa na swali, na hao pia wasidharauliwe. Imamu Ghazali alikuwa amefika kileleni: mwaka 1091 aliwekwa kuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad, na wanafunzi walijaa mbele yake kwa mamia. Mwaka 1095 ulimi wake ukafungwa. Akisimama kufundisha, neno halitoki, chakula hakipiti, matabibu wakakiri kwamba ugonjwa uko moyoni. Aliiacha kazi, akaigawa mali yake, akabakiza cha kuwatosha watoto, akaenda Damascus kujitenga katika mnara wa msikiti mkuu. Kilichomtesa hakikuwa upungufu wa elimu. Alijichunguza akaona anafundisha kwa kutafuta jina. Kwa hiyo hata mwenye kilemba anahitaji kuvutwa upya, na msikiti unaodhani kwamba mahitaji ya roho ni ya wageni tu unawasahau waliokaa safu ya mbele.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na ni ushahidi mzito. Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kama Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo angali mtoto, akiwa mtumwa. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na ya wanadamu. Mtoto aliyefika hapo hakuwa na ukoo wa kutaja wala jamaa wa kumtetea, na katika mji ambao watu walipimwa kwa nasaba, huo ulikuwa unyonge mkubwa. Yahya akasoma. Akawa mwalimu, kisha sheikh wa tarika ya Kadiriya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wanaoheshimiwa sana Tanganyika nzima. Maulidi ya Bagamoyo yakawa yanawakusanya watu kutoka bara, wakiwemo wa asili kama yake.

Lamu nako, karibu zama hizohizo, alikuwepo Habib Saleh, sharifu wa asili ya Hadhramaut aliyezaliwa Ngazija. Angeweza kukaa baraza na wakubwa wa mji, maana nasaba yake ilimruhusu. Akachagua kukaa pembeni mwa mji, Langoni, pamoja na watumwa, waliokuwa watumwa na wageni maskini, akawasomesha. Alitibu wagonjwa kwa dawa za miti na dua. Akaleta maulidi ya Al-Habshi yanayosomwa kwa matari, na wakubwa wakanung'unika: kwanza kwa sababu ya matari, na zaidi, ukisikiliza vizuri malalamiko yao, kwa sababu ya wale waliokuwa wakiyapiga. Msikiti wa Riyadha alioujenga ukawa chuo cha wanafunzi kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, na kila Mfungo Sita Lamu hujaa mahujaji wa mapenzi ya Mtume.

Wanazuoni wametofautiana juu ya matari msikitini, na makala haya hayakusudii kuuamua mjadala huo. Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba si kitu, aliketi Langoni na kuelezwa kwamba mbora mbele ya Mola ni mcha Mungu zaidi, kisha akaona yule anayemweleza anaketi naye mkeka mmoja. Wapo watakaosema kwamba watu hao walifuata heshima, si dini. Ni maneno ya kikatili. Heshima hiyo Mwenyezi Mungu ndiye aliyemtunukia mwanadamu, na mwenye kuikimbilia hakukosea mlango. Ndiyo iliyomtoa Bilal kwenye mchanga wa Makka. Ndiyo iliyomshangaza Malcolm X katika Hija ya mwaka 1964, alipokula sahani moja na kulala zulia moja na watu weupe, yeye aliyekulia Marekani ya ubaguzi na kuaminishwa kwamba mweupe ni shetani.

Jambo jingine linalovuta, na ambalo Waislamu wenyewe wamelizoea mno hata hawalioni, ni mazishi. Jeneza linapotoka nyumbani hakuna kadi ya mwaliko. Fundi anaacha cherehani, mwenye duka anafunga mlango nusu, kijana anashuka kwenye bodaboda, na kila mmoja anakimbilia kutia bega hatua chache kisha ampishe mwingine. Tajiri na mbeba mizigo sanda yao ni ileile nyeupe, na marehemu wengi huzikwa siku hiyohiyo. Jirani asiye Muislamu anasimama kando ya njia anatazama. Mahubiri ya saa nzima hayawezi kumwambia zaidi ya hapo.

Sasa yatazamwe yanayowarudisha watu nyuma, na jinsi Mtume alivyoyazuia. Bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wa Madina. Swahaba wakamwinukia, Mtume akawakataza wasimkatishe, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamfahamisha kwa upole kwamba misikiti haikuwekwa kwa jambo kama hilo. Muadh bin Jabal naye, msomi wa kutegemewa, aliwaswalisha watu Isha kwa sura ndefu mpaka mmoja wao, mchovu wa kazi ya mchana kutwa, akajitenga akaswali peke yake. Muadh akamwita mnafiki. Shauri lilipofika kwa Mtume, aliyekemewa ni Muadh, kwa ukali, kwamba anawatia watu fitina, akatajiwa sura fupi za kusoma.

Linganisha na baadhi ya misikiti ya leo. Mtoto akicheka darsani anafukuzwa, na akifukuzwa mara ya pili harudi. Binti aliyefika na mtandio umemteleza anakaripiwa hadharani kabla hajaulizwa jina. Sehemu ya wanawake, kama ipo, ni chumba cha nyuma chenye kipaza sauti kilichokufa. Hizo si desturi ndogondogo. Anayezifanya amesimama kati ya mja na Mola wake, na jambo hilo ataulizwa.

Lililo zito kuliko yote ni la wanaosilimu. Kijana anatamka shahada baada ya swala ya Ijumaa, takbira zinapaa, watu wanampa mikono, simu zinampiga picha. Jioni anarudi chumbani kwake. Huenda wazazi wameacha kumpokelea simu, huenda mwenye nyumba ni shemeji aliyekasirika. Hajui kutawadha sawasawa, anaona haya kuuliza, na Ijumaa inayofuata wale waliompigia takbira hawamkumbuki sura. Swahaba hawakumfanyia Salman hivyo. Walikwenda mashambani kwao wakang'oa miche, wakaibeba, wakachimba mashimo mia tatu.

Shaabani inapoingia, kamati za misikiti hukaa kupanga futari, mazulia na zamu za Tarawehe. Kikao hichohicho kinaweza kuchagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye subira na ulimi mwepesi wa salamu, wawafuate majumbani wote waliosilimu mwaka ule na wale waliopotea safuni tangu Mfungo Mosi uliopita. Waulize nani ametengwa na jamaa zake, nani amepoteza kazi, nani anafuturu peke yake, nani hajapata hata wa kumfundisha Alhamdu, na majibu wayarudishe kamatini kabla mwezi haujaandama.