Farasi wa Berlin na Mpandaji

Huko Berlin alikuwako mwalimu, Wilhelm von Osten, mwenye farasi aliyeitwa Hans. Akiulizwa hesabu, farasi alipiga kwato chini hata kufikia jibu, ndipo akaacha. Watu wakastaajabu. Lakini mwaka 1907 Oskar Pfungst aliieleza siri yake: muulizaji asipolijua jibu, au farasi asipomwona, Hans alikosa. Kumbe alikitazama kichwa cha mtu kikiinuka kidogo mno hesabu ilipotimia. Wala mwalimu hakuwa mdanganyifu. Hakujua kwamba anakiinua.

Basi sisi tupandao wanyama, kama ni farasi kama ni punda, tufikiri. Mnyama ahisiye inzi mmoja akitua ngozini, atakosaje kuhisi paja lililokazwa, hatamu iliyovutwa, na pumzi iliyozuiwa kwa hofu? Twamwita mkaidi, twashika fimbo. Naye masikio ameyalaza nyuma, mkia waupiga-piga, na pengine ameumia tu. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, na punda ndiye aliyemwona malaika. Kabla ya fimbo, tulegeze mkono, tushushe pumzi. Tena tandiko lifunuliwe, litazamwe, lisiwe linamchubua mgongo.