Talanta Isifukiwe

Mtoto wa Buzuruga ashukaye ziwani kuoga aweza kurudi na kichocho mwilini, wala asijue. Chuo chetu Katoliki cha Bugando, kilichoanza mwaka 2003, huwafunza waganga wa kupambana na maradhi ya namna hii. Siku hizi wataalamu duniani waifundisha akili mnemba kuyatambua mayai ya minyoo ya kichocho katika picha za hadubini. Lakini mashine hujua lile tu ililofundishwa. Ikilishwa picha za mbali peke yake, yaweza kukosea kwa wagonjwa wetu.

Kwa hiyo twawaambia vijana wetu wenye shahada ya uzamivu: msidhani mmekwisha kufika. Ziko nafasi za kuendelea na utafiti chini ya mabingwa, nchini na ng'ambo, ziombeni. Nanyi wazazi, msiwaharakishe kwa kutamani mshahara mnono. Ila elimu iliyowasahau wagonjwa wa nyumbani ni talanta iliyofukiwa, hata ikisifiwa Ulaya. Tusome Matayo, sura ya 25: baada ya habari ya talanta yaja hukumu, na humo Bwana atuuliza habari za mgonjwa.